Injini Ngeni katika Gari Kuukuu

Katika miaka ya 1970 meli ya Liemba, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 na kushushwa majini Kigoma mwaka 1915, iliondolewa injini zake za mvuke, ikatiwa za dizeli. Mwili ulibaki ule ule, moyo ukawa mwingine. Jambo hilo, kwa kipimo kidogo, huwakabili pia wenye magari makuukuu. Katika kijiji kama Simbo, Wilaya ya Kigoma, Land Rover iliyochoka injini haitupwi maadamu fremu yake ni nzima. Ndiyo ichukuayo mawese na muhogo sokoni, na usiku wa dharura ndiyo ichukuayo mgonjwa hospitalini. Mwenyewe hutafuta injini nyingine. Je, ipi itakayokubali?

Jawabu huanzia kwenye bloku, yaani pande la chuma lenye silinda, ambalo vifaa vingine vyote hufungwa juu yake. Nyuma ya bloku mna matundu ya bolti za kuiunganisha na giaboksi. Matundu hayo yasipolingana, hapana budi kutengeneza bamba la kati, na kosa dogo la mlingano huharibu beringi na klachi.

Land Rover yatoa mfano mzuri. Injini yake ya petroli ya mwaka 1958 na ya dizeli ya mwaka 1961 zilikuwa na silinda 4 zenye kipenyo cha milimita 90.47, na mwendo wa pistoni wa milimita 88.9. Eneo la silinda moja ni sentimita za mraba 64.28, likizidishwa kwa 8.89, kisha kwa 4, hupatikana sentimita za ujazo 2,286. Baadaye kiwanda kilirefusha mwendo wa pistoni hadi milimita 97 bila kubadili kipenyo, na ujazo ukawa 2,495.

Hata hivyo, kufanana kwa nje si kupatana kwa ndani. Injini ya dizeli hubana hewa mara 23, ikapata joto la zaidi ya nyuzi 500 za Sentigredi, na mafuta yakawaka bila plagi ya cheche. Injini ya petroli hubana mara 7 au 8 tu. Kwa hiyo vipuri vya moja haviwezi kutiwa katika nyingine ovyo. Zaidi ya hayo, hadi mwaka 1980 krenkshafti ilishikwa na beringi kuu 3. Tangu hapo zikawa 5. Krenkshafti ya aina moja haikai katika bloku ya aina nyingine, ijapokuwa ujazo ni ule ule.

Mwaka 1989 ilitokea injini ya dizeli yenye tabo, iitwayo 200Tdi, iliyotokana na ukoo huo huo. Mafundi wengi wameifunga katika Land Rover za zamani kwa mabadiliko machache. Lakini nguvu yake ya kuzungusha hufikia nyutoni-mita 255, ambapo dizeli ya zamani ilitoa kama 140. Giaboksi na ekseli zilizoundwa kwa mzigo mdogo hupokea karibu mara 1.8 ya mzigo huo, na dereva asiye na subira huzivunja mlimani.

Kwa hiyo fundi mwangalifu hukagua mambo mengine pia: je, rejeta yatosha kupoza joto la ziada? Umeme wa injini ni wa volti 12 au 24? Breki za zamani zaweza kusimamisha gari lenye kasi mpya? Na kwa kuwa namba ya injini huandikwa katika kadi ya gari, badiliko hilo yapasa liripotiwe kwa mamlaka ya usajili.

Walimu wa fizikia waweza kuwapa wanafunzi kazi hii: wapime kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni katika gereji iliyo karibu, wakadirie ujazo, kisha waulinganishe na ule ulioandikwa kwenye kadi. Rula, kalipa na hesabu ya duara vyatosha. Mwenye gari naye afanye vivyo hivyo kabla ya kutoa fedha yake, kwani injini iliyonunuliwa kwa kutazamwa tu huweza kukaa uwanjani miaka mingi, nayo mawese yakingoja gari la kuyabeba.