Bustani ya Joséphine na Hesabu Zake

Aprili 1799, Napoleon Bonaparte akiwa vitani Misri, mkewe Joséphine alinunua Malmaison, kasri lililochakaa nje kidogo ya Paris, kwa zaidi ya faranga 300,000 ambazo hakuwa nazo. Mume aliporudi alifoka, kisha akalipa. Mradi mzima uliendeshwa hivyo hadi mwisho: agizo kwanza, hela zitajulikana mbele.

Wazo lenyewe lilikuwa kubwa. Joséphine, mzaliwa wa Martinique, aliandika kwamba alitaka vitalu vyake visambaze miche ya nchi za mbali katika mikoa yote ya Ufaransa. Watu wa kazi alikuwa nao: Ventenat aliainisha mimea, Redouté akaichora, na baadaye Bonpland, aliyezunguka Amerika na mwanasayansi Humboldt, akasimamia bustani. Banda la kioo lenye urefu wa mita 50 lilikamilika mwaka 1805, likipashwa joto kwa majiko ya makaa ya mawe ili mimea ya joto ipite salama majira ya baridi.

Vurugu zilikuwa kwa mafundi. Wasanifu Percier na Fontaine walipenda mistari iliyonyooka. Mwenye bustani alitaka vijito vya kupindapinda kama kwa Waingereza. Mbunifu akaondoka, mwingine akaja, na kilichojengwa jana kikachimbuliwa leo. Halafu kulikuwa na vita na Uingereza. Miche mizuri ilitoka kwa Lee na Kennedy, wenye kitalu Hammersmith, London, yaani kwa adui. Kennedy akapewa pasi ya kuingia Ufaransa na mizigo yake. Ukitaka kujua nani ana sauti katika dola, tazama nani anapitishiwa waridi wakati bandari zimefungwa.

Mumewe, sasa Kaizari, alikuwa na mradi wake pia: viwanda vya hariri vya Lyon vifufuke, na mabibi wa ikulu wavae hariri na mahameli za Kifaransa. Kwenye sherehe kubwa Joséphine alitii. Siku za kawaida alirudia melimeli nyepesi na shali za Kashmir, na Ulaya ikamfuata yeye badala ya amri. Ternaux, mwenye viwanda, alisoma soko vizuri kuliko Kaizari: akafuma shali za kuigiza zile za Kashmir na kuziuza.

Talaka ilikuja Desemba 1809. Joséphine akaachiwa Malmaison na posho nono, lakini posho haikuwahi kuzifikia ankara. Alipofariki Mei 29, 1814, aliacha madeni ya karibu faranga milioni 3. Kukopa harusi, kulipa matanga. Hapa waliolipa ni watoto wake, Eugène na Hortense. Picha kadhaa bora za kasri zilinunuliwa na mfalme wa Urusi mwaka 1815, Malmaison yenyewe ikauzwa mwaka 1828, na ardhi iliyozidi hekta 700 ikamegwa hadi kubaki takriban 6.

Mimi simlaumu kwa matumizi tu. Kosa kubwa zaidi, naona, ni kwamba bustani ya kitaifa ilitegemea mkoba wa mtu mmoja, bila taasisi ya kuirithi. Kilichopona ni kile kilichokwisha kutoka nje ya lango. Bonpland alikamilisha kitabu chake kuhusu mimea ya Malmaison mwaka 1817, miaka mitatu baada ya Joséphine kuzikwa, na mwaka huohuo Redouté akaanza kuchapisha picha zake za mawaridi. Mwaka 1843 Béluze, mkulima wa Lyon ambaye hakuwa mtu wa ikulu, alizalisha waridi lililoitwa Souvenir de la Malmaison. Miche yake inauzwa mpaka leo.