Kupanda Bugarama kwa mkono mmoja

Mtu anayeingia Bujumbura kwa barabara akitoka Kayanza au Gitega, jambo la kwanza analolikumbuka si ziwa. Ni vijana wa baiskeli.

Barabara ya Taifa namba 1 inaanzia Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye mita 775 hivi juu ya usawa wa bahari. Inapanda mpaka njia panda ya Bugarama, karibu mita 2,200. Ni kilometa zipatazo 35, nazo ni kona tupu. Hapo juu njia moja inakwenda Kayanza na Rwanda, nyingine Muramvya na Gitega. Kila siku abanyonzi wanapanda na baiskeli tupu na kushuka na ndizi, makaa au mboga. Ndivyo wanavyoitwa kwetu waendesha baiskeli, na anayejua Kiswahili atasikia neno kunyonga ndani ya jina hilo. Wakati wa kupanda wanashika nyuma ya malori. Wakati wa kushuka wanashikwa na Mungu peke yake.

Masika ya mwaka 2023 tulizika wawili kati ya wanachama wetu, wote waliangukia chini ya lori walilokuwa wamelishika. Kamati ikakaa, ikaandika azimio: mwanachama asishike lori, na atakayeonekana ameshika asidai msaada wa mfuko wa chama. Tulijiona tumefanya kazi. Tukaenda kulisoma azimio letu chini ya mlima, pale wanapoegesha baiskeli wakisubiri malori yapunguze mwendo. Walitusikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha mzee mmoja, mwenye miaka zaidi ya ishirini katika kazi hiyo, akauliza, "Wakubwa, nyinyi mmekwisha panda?"

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumepanda kwa basi.

Basi tukakubaliana kuzunguka mzunguko mzima, kupanda na kushuka, kwa siku moja. Tulikuwa watatu, wote tumevuka miaka arobaini. Mmoja wetu aliyewahi kuwa utingo alikaa ndani ya lori pamoja na dereva, aone mambo kwa upande ule. Wawili tulichukua baiskeli za kuazima, zile nzito za chuma zisizo na gia, tukaapa kupanda bila kushika kitu, kama azimio letu lilivyosema.

Tuliondoka kabla ya jua. Kilometa tano za kwanza tulinyonga huku tukiongea. Baada ya hapo mazungumzo yalikwisha, na haukupita muda tukashuka, tukaanza kusukuma. Mlima wenyewe kwa wastani unapanda mita 4 katika kila mita 100. Kwenye karatasi hiyo ni hesabu ndogo, lakini mwenye baiskeli isiyo na gia anaijua kwa magoti yake. Na kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi, pumzi haishibi. Malori yalitupita, na nyuma ya kila lori wamening'inia vijana watatu, wanne, mkono mmoja kwenye chuma na mwingine kwenye usukani, wakitupungia kwa kichwa kwa kuwa mkono wa kupungia hawana.

Tulifika Bugarama saa tano na nusu asubuhi. Mtu aliyeshika lori alikuwa amefika mapema zaidi, amenunua ndizi, amefunga mzigo, na yuko tayari kurudi. Hapo ndipo tulipoanza kuona aibu ya azimio letu. Wengi wa vijana hawa baiskeli si zao. Jioni wanatakiwa kumpelekea mwenye baiskeli hesabu yake, mvua iwe imenyesha au haikunyesha. Atakayepanda kama tulivyopanda sisi atafanya safari moja tu, na safari moja inalipa hesabu na chakula cha mchana, basi. Ugali wa watoto uko kwenye safari ya pili. Na tajiri wa ndizi anayewangoja mjini hanunui kwa kilo. Anatazama mkungu kwa macho, anataja bei, na anajua kuwa kijana aliyechoka hawezi kuurudisha mlimani.

Mwenzetu wa ndani ya lori naye alikuwa na habari zake. Dereva alimwonyesha kioo cha pembeni: aliye nyuma kabisa katikati haonekani hata kidogo. Kwenye kona mkia wa lori unapiga upande, na aliyeshika upande wa nje anarushwa kuelekea korongoni. Dereva akibadilisha gia lori linashtuka, na mshtuko huo unakwenda wote begani kwa kijana. "Nikiwafukuza naitwa mtu mbaya," dereva alisema, "nikiwaacha, siku moja nitaitwa muuaji." Tena alikiri jambo ambalo hatukulitegemea. Yeye mwenyewe anapunguza mwendo kidogo mahali fulani ili wapate kushika bila kukimbia, kwa kuwa mdogo wake alikuwa mnyonzi.

Pale Bugarama kuna baridi ya kweli, na akina mama wanauza karoti, kabichi na vitunguu kando ya barabara wakiwa wamejifunika vitenge viwili viwili. Tulikula viazi, tukanywa chai, tukafunga mzigo. Sisi tulifunga kilo 30 tu kila mmoja. Kijana aliyetufungia kamba za mpira alicheka, yeye alikuwa na 80.

Kushuka ndiko tulikodhani kuwa ni mapumziko. Tusidanganyane. Mwalimu mmoja rafiki wa chama alitufanyia hesabu baadaye: mtu, baiskeli na ndizi, jumla kilo 160, zikishuka mita 1,400, zinaachia nguvu ambayo yote ingegeuzwa joto ingechemsha lita sita za maji. Upepo unachukua sehemu yake. Inayobaki lazima ipite kwenye vipande vinne vya mpira vya breki. Ndiyo sababu rimu inakuwa ya moto kiasi cha kuunguza kidole. Joto likizidi, gundi ya viraka inalegea, na tyubu inatoa pumzi wakati uko kwenye mwendo. Mvua ikinyesha ni mbaya kwa namna nyingine, kwani mpira uliolowa hauishiki rimu ya chuma. Kwa hiyo wazoefu wanaongeza kipande cha tairi kuukuu karibu na gurudumu la nyuma na kukikandamiza kwa kisigino. Wanasimama mara kwa mara breki zipoe, na hawamwagi maji hata siku moja. Mwenye haraka ya safari ya pili hasimami.

Mmoja wetu alianguka kwenye kona, akachunika kiwiko na kupoteza mikungu miwili. Ziwa lilionekana chini, na milima ya Kongo ng'ambo yake. Hatukulitazama sana.

Tulipofika chini tulikuta shida ambayo haina uhusiano na mlima. Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji zilikatazwa kuingia katikati ya mji wa Bujumbura. Mnyonzi aliyepewa amri hiyo hawezi kuufikisha mzigo wake kwa mnunuzi anayelipa vizuri. Anaushusha pembeni, na anayeupokea pembeni ndiye anayekula faida. Kumbe kijana anayeambiwa apande polepole ndiye huyo huyo aliyepunguziwa bei huku chini.

Azimio la kwanza tumelifuta. Katika kamati hatujakubaliana juu ya la pili. Wawili kati yetu wanasema chama hakiwezi kuandika kwa mkono wake kwamba mtu ashike lori, hata kwa masharti, kwa sababu siku ya msiba karatasi hiyo itasomwa. Wengine tunasema wanashika tayari, na kunyamaza kwetu hakujamwokoa mtu. Yaliyokubaliwa ni haya: mfuko wa chama ununue mpira wa breki kwa jumla na kuuza kwa bei ya kununulia, wanaoanguka wasaidiwe bila kuulizwa walishika nini, na wenye baiskeli wadaiwe nusu ya hesabu siku za mvua kubwa. Wenye baiskeli watatu wamekubali. Mmoja alitufukuza uani kwake.

Madereva wa malori tumeomba tukutane nao Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, hapo hapo chini ya mlima, tuzungumze habari ya ishara: honi mara mbili kabla ya kona kali, na asiwepo mtu katikati nyuma ya lori. Yule dereva wa kioo ameahidi kuja na wenzake wanne. Mzee aliyetuuliza swali atakuwepo. Ametuagiza tuje na baiskeli.