E471 Nyuma ya Pakiti

Enzi za misafara, Tabora ikiitwa Kazeh, Mwislamu aliyetoka Bagamoyo kwenda Ujiji alimwona mchinjaji kwa macho yake, akajua anachokula. Leo hatumwoni; nyuma ya pakiti ya biskuti dukani, kwa herufi ndogo kama punje za ulezi, pameandikwa E471. Ni namba ya kiungio kinachoshikanisha mafuta na maji. Hutengenezwa kwa mawese, soya au mafuta ya mnyama, hata nguruwe, na namba hubaki ileile. Kwa hiyo namba peke yake haihalalishi wala haiharamishi. Cha kuulizwa ni mafuta hayo yametoka wapi.

Wapo wasemao asili ya vitu ni uhalali, tusijitie wasiwasi. Kweli, lakini kanuni hiyo haikatazi kuuliza palipo na sababu ya shaka. Wengine hutaja istihala, kitu kugeuka kabisa. Wahanafi huipa nafasi kubwa kuliko Washafii, ambao ndio wengi kwetu. Tena E471 ni mafuta yaliyobadilishwa kidogo tu. Basi tafuta maneno “mafuta ya mimea” au nembo ya halali, kama ya Baraza Kuu la Waislamu Tanzania (BAKWATA). Visipokuwepo, mwandikie mtengenezaji umuulize mafuta yametoka wapi.