Igizo Shuleni: Njia ya Kukomesha Dhihaka Inayowanyamazisha Watoto

Kila anayezifahamu shule zetu, ziwe za mjini Njombe, Makambako au vijiji vilivyo kati yake, anaifahamu dhihaka tunayotaka kuizungumzia leo. Mvulana mwenye sauti nyembamba, anayependa kwaya kuliko mpira, huitwa shoga. Msichana mwenye nguvu za mwili na hatua ndefu huitwa jike dume. Marafiki wawili wanaosoma pamoja kila jioni huanza kunong’onwa bwaloni. Jina likishashika, hufuatwa na mengine: kusukumwa kwenye foleni, kukosa wa kukaa naye mezani, kukuta kitanda kimelowanishwa maji usiku wa baridi ya Juni.

Watu wazima huelekea kusema kwamba huo ni utani wa watoto. Tunaona si utani. Taarifa ya UNESCO ya mwaka 2019 kuhusu ukatili shuleni ilionyesha kwamba karibu mwanafunzi 1 kati ya 3 duniani alikuwa ameonewa na wenzake katika mwezi uliotangulia utafiti. Taarifa hiyo ilieleza pia kwamba wanafunzi wanaoonekana kutofuata yale ambayo jamii huyatarajia kwa mvulana au msichana wamo katika hatari kubwa zaidi.

Kwetu Tanzania kuna jambo jingine lililo zito. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulibainisha kwamba takriban mwanamume 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 13 hadi 24 alikuwa amefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Tujiulize: mvulana aliyetendewa hivyo atamwambia nani, ikiwa anajua kwamba siku atakayofungua kinywa ndiyo siku atakayopewa jina lile? Hivyo tusi linalorushwa kwa kicheko bwenini huwa ngao ya mhalifu. Humfunga mdomo mtoto aliyeumizwa, na humfunga mdomo vilevile mtoto anayejiuliza maswali kuhusu hisia zake na ambaye angehitaji kuzungumza na mzazi, mlezi au padre.

Huenda msomaji akauliza: Je, kukemea dhihaka hii si kulegeza mafundisho ya Kanisa? Hapana. Mafundisho ya Kanisa kuhusu ndoa na usafi wa moyo yanabaki yalivyo, na ni Kanisa hilohilo linalofundisha, katika Katekisimu namba 2358, kwamba watu wenye mwelekeo wa kuvutiwa na watu wa jinsia yao wapokelewe kwa heshima, huruma na upole, na kwamba kila dalili ya kuwabagua isivyo haki iepukwe. Mwaka 1986 Idara ya Mafundisho ya Imani iliwaandikia Maaskofu ikilaani uovu wa maneno na wa matendo dhidi ya watu hao. Mwaka 2016 Baba Mtakatifu Fransisko alilirudia fundisho hilo katika Wosia wa Kitume Amoris Laetitia, namba 250. Kwa hiyo hatuna haja ya kuchunguza kama jina alilopewa mtoto ni la kweli au la uongo. Mtoto ameumbwa kwa sura na mfano wa Mungu, na hilo latosha. Katika Hotuba ya Mlimani, Bwana wetu aliliweka tusi dhidi ya ndugu jirani kabisa na dhambi ya kuua.

Lakini mafundisho hayo yatawafikiaje wanafunzi? Amri inayotolewa mstarini asubuhi husikika, kisha husahaulika. Adhabu ya viboko humfundisha mkosaji kujificha vizuri zaidi. Maandiko Matakatifu yanatuonyesha njia nyingine. Nabii Nathani alipotumwa kwa mfalme Daudi, hakuanza na shutuma. Alimsimulia hadithi ya tajiri aliyemnyang’anya maskini kondoo wake mmoja tu. Daudi aliwaka hasira, akatoa hukumu, na ndipo alipoambiwa kwamba mtu yule ni yeye mwenyewe. Hadithi ilipita pale ambapo karipio lingegonga ukuta. Ndivyo sanaa inavyofanya kazi: humweka mtu mahali ambapo anaweza kuuona ubaya kabla hajaanza kujitetea. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Igizo humpa mdhihaki nafasi ya kuuhisi mkuki huo bila kumchoma mtu.

Njia hii si ngeni nchini kwetu. Mwaka 1996, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanazuoni na watunzi wa tamthiliya Penina Mlama na Amandina Lihamba walianzisha mradi wa Tuseme kwa ajili ya wasichana wa sekondari. Wasichana hao walikuwa na mengi yaliyowaumiza, yakiwemo manyanyaso ya kingono, na hawakuwa na pa kuyasemea. Kupitia Tuseme walitaja wenyewe matatizo yao, wakachambua vyanzo vyake, wakayatungia maigizo, wakayaonyesha mbele ya jumuiya ya shule, kisha wakajadiliana kuhusu hatua za kuchukua. Baadaye njia hiyo ilienea katika nchi nyingine nyingi za Afrika kupitia shirika la FAWE. Tuseme haikuundwa kwa ajili ya dhihaka tunayoizungumzia hapa, lakini ililitatua fumbo lilelile: namna ya kumpa sauti mtoto ambaye aibu imemnyamazisha.

Twaweza kuitumia hivi. Kikundi cha TYCS, au wanafunzi wa kwaya, watunge igizo fupi la dakika 15 kuhusu mwanafunzi wa kubuni. Waonyeshe jina linavyoanza kwa mzaha, linavyosambaa, na mwanafunzi huyo anavyoacha kula bwaloni, kisha anavyoacha kuhudhuria masomo. Igizo liishe vibaya, bila mwokozi. Ndipo mwongozaji aigeukie hadhira na kuuliza: Nani angeweza kubadili jambo hili, na lini? Igizo lirudiwe, na mtazamaji yeyote aruhusiwe kusema “simama”, apande jukwaani na kuchukua nafasi ya mmoja wa wale waliokuwa wakitazama na kucheka. Njia hii ya mtazamaji kuingia mchezoni iliendelezwa na Augusto Boal wa Brazili tangu miaka ya 1970.

Angalieni ni nani anayebadilishwa: ni rafiki aliyenyamaza, kiranja aliyegeuka kando, mwalimu aliyetabasamu. Wanafunzi wengi si wadhihaki wala si wadhihakiwa. Ni watazamaji, na kicheko chao ndicho kinachompa mdhihaki nguvu. Wengi wao hunyamaza kwa sababu hawajui waseme nini. Jukwaani hujaribu maneno hayo mbele ya wenzao, na aliyekwisha kuyatamka mara moja hupata wepesi wa kuyatamka tena bwenini. Ngonjera na wimbo vyaweza kuandaa mioyo, lakini mazungumzo baada ya igizo ndiyo kiini cha kazi. Yapewe muda mrefu kuliko igizo lenyewe.

Tahadhari nne ni za lazima. Kwanza, kisa kiwe cha kubuni, na kisifanane na cha mwanafunzi yeyote anayejulikana shuleni. Pili, anayedhihakiwa katika maisha ya kila siku asipewe nafasi ya kuigiza anayedhihakiwa, wala asilazimishwe kusema lolote kuhusu nafsi yake. Tatu, igizo lisitafute kicheko kwa mwendo wa madaha au sauti ya kubana. Likifanya hivyo, dhihaka itakuwa imepandishwa jukwaani kwa baraka za shule. Nne, awepo mlezi aliyeandaliwa kumpokea mtoto atakayekuja baadaye kuzungumza faraghani. Mtoto akieleza kwamba amefanyiwa ukatili, shauri hilo lisimalizwe kimyakimya shuleni. Lifikishwe kwa Ustawi wa Jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi. Mtoto mwenyewe anaweza pia kupiga simu namba 116, isiyotozwa malipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtendea mtoto ukatili au mambo ya kumdhalilisha, na sheria hiyo haimbagui mtoto yeyote.

Tunawaomba walimu wa dini, walezi wa mabweni na viongozi wa vijana parokiani wasiione kazi hii kuwa ngeni. Vijana wetu wanalijua jukwaa. Kila Ijumaa Kuu huigiza Njia ya Msalaba: mmoja huvishwa taji la miiba, na wengine huwa umati unaomzomea. Katikati ya umati huo, kadiri ya mapokeo, mwanamke mmoja anatoka na kitambaa kuupangusa uso wa aliyedhihakiwa. Hakuwa na uwezo wa kusimamisha msafara, wala hakuuliza kwanza kama mashtaka yalikuwa ya kweli. Alitoka tu katika kundi la watazamaji. Tukimfundisha kila mwanafunzi wa Njombe na Makambako kupiga hatua hiyo moja, yuko mtoto bwenini ambaye usiku wa leo atalala bila hofu.