Wiki 28 Zilizomo Katika Sheria Yetu

Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipofuta uamuzi wa Roe wa mwaka 1973 uliolinda haki ya kutoa mimba, shauri lililokuwa mbele ya majaji lilihusu sheria ya jimbo la Mississippi iliyozuia utoaji mimba baada ya wiki 15. Miaka mitatu baadaye, Juni 2025, wabunge wa Uingereza walipiga kura kutaka mwanamke anayetoa mimba yake mwenyewe asishitakiwe tena, na huko nako mabishano yalirudi kwenye wiki 24 za sheria yao. Habari hizi hutufikia haraka kupitia redio na simu, na tunaposikia watu wakizozana kuhusu wiki ni rahisi kudhani kwamba swali letu ni hilohilo: ukomo uwekwe wapi?

Kwa Tanzania Bara swali hilo limewahi mno. Ukomo huwekewa ruhusa, na sheria yetu haina ruhusa inayohesabiwa kwa wiki. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtishia kifungo cha miaka 14 yeyote anayekusudia kuharibu mimba ya mwanamke kinyume cha sheria, miaka saba mwanamke anayeharibu mimba yake mwenyewe, na miaka mitatu anayetoa dawa au kifaa huku akijua kitatumika kwa kazi hiyo. Hayo yamo katika vifungu vya 150, 151 na 152, na hakuna hata kimoja kinachouliza mimba ina umri gani. Zanzibar ina sheria yake ya makosa ya jinai, nami siigusi hapa.

Hata hivyo namba ya wiki imo, mbali kidogo na vifungu hivyo. Kifungu cha 219 kinaadhibu kosa la kumuua mtoto aliye tumboni ambaye angeweza kuzaliwa hai, na adhabu yake inafika kifungo cha maisha. Ili mahakama ijue mtoto yupi angeweza kuzaliwa hai, kifungu kinasema ushahidi kwamba mimba ilikuwa imefikisha wiki 28 au zaidi unatosha kuwa uthibitisho wa awali, yaani mahakama itaanza kwa kuamini hivyo mpaka upande wa pili uonyeshe vinginevyo. Hapohapo kifungu kinamkinga aliyefanya kitendo hicho kwa nia njema na kwa lengo la kuokoa uhai wa mama tu.

Maneno hayo yalitoka Uingereza. Sheria yao ya 1861 iliadhibu uharibifu wa mimba, na sheria ya mauaji ilimlinda mtoto aliyekwisha kuzaliwa na kuwa na uhai wake nje ya mama. Katikati palikuwa na ufa: mtoto aliyeuawa akiwa katika kuzaliwa hakulindwa na yoyote kati ya hizo. Bunge la London liliuziba mwaka 1929 kwa sheria ya kuhifadhi uhai wa watoto wachanga, likachagua wiki 28 kwa kufuata uwezo wa tiba wa wakati huo. Sisi tukairithi namba hiyo kwa njia ya Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika. Waingereza wenyewe mwaka 1990 walishusha ukomo wao wa kawaida hadi wiki 24, kwa kuwa wodi zao za watoto njiti zilikuwa zimepiga hatua. Kwetu imebaki 28, na sababu za kubaki kwake hazijawahi kujadiliwa kwa uzito unaostahili.

Kwa hiyo wiki 28 ni kipimo cha ushahidi. Hazimpi mwanamke haki yoyote kabla ya kufika, na hazifungi mlango wowote zikishapita, kwa sababu kinga ya kuokoa uhai wa mama inaendelea hadi siku ya kujifungua. Lakini zinafichua jambo ambalo pande zote za mjadala hulipita. Sheria hiihii tunayosema haitofautishi mimba changa na mimba pevu tayari inazitofautisha: adhabu inapanda kutoka miaka 14 hadi maisha pale mtoto anapokuwa na uwezo wa kuzaliwa hai. Anayesema kwamba kupima jambo hili kwa muda ni wazo geni lililoletwa na wafadhili hajasoma Sura ya 16 mpaka kifungu cha 219.

Namba ya uwezo wa kuishi ina tatizo lake: inabadilika kwa mahali. Mtoto wa wiki 28 ana uzito wa karibu kilo moja. Katika hospitali kubwa za nchi tajiri watoto wengi wa umri huo hupona. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi za kipato cha chini nusu ya wanaozaliwa wakiwa na wiki 32 au chini yake hufariki, kwa kukosa joto, msaada wa kupumua na matibabu ya maambukizi. Uwezo wa kuishi unategemea mapafu ya mtoto, na unategemea pia kama kuna mtungi wa oksijeni, muuguzi wa zamu ya usiku, na mama aliyefundishwa kumbeba mtoto kifuani kwa njia ya kangaruu.

Kisha kuna upimaji wenyewe. Umri wa mimba huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, takribani wiki mbili kabla mimba haijatunga, kwa hiyo mimba ya wiki nne ina wiki mbili tu tangu kutungwa. Utrasaundi ikifanywa katika miezi mitatu ya kwanza hukosea kwa siku chache, karibu wiki moja. Ikifanywa katika miezi mitatu ya mwisho kosa linaweza kufika wiki tatu. Na wengi hawaanzi na utrasaundi. Katika zahanati ya kawaida mama hulala kitandani, mkunga akapapasa tumbo kutafuta ncha ya juu ya mfuko wa uzazi, akavuta utepe wa kupimia kutoka mfupa wa kinena hadi kwenye ncha hiyo, akasoma sentimita na kuziandika kwenye kadi ya kliniki. Baada ya wiki 20 sentimita hukaribiana na wiki, zikizidi au kupungua mbili au tatu. Mfuko ukigusa kitovu, mkunga hukadiria wiki 20. Ni njia nzuri ya kufuatilia ukuaji wa mtoto. Kumfunga mtu maisha kwa tofauti ya wiki mbili ni jambo jingine kabisa.

Ukitaka kuona muda unavyofanya kazi, chukua kalenda. Tuseme binti wa miaka 15 katika kijiji cha Uwanda wa Kati aliona hedhi yake ya mwisho tarehe 1 Machi, na katikati ya mwezi huo akabakwa na mtu wa karibu na familia. Hamwambii mtu. Hedhi ya mwisho wa Machi haiji; kwa umri wake haiji kila mwezi, hivyo hashtuki. Mwisho wa Mei ana wiki 13. Mama yake anaona mabadiliko mwanzoni mwa Julai, na tarehe 5 wanapofika kituo cha polisi kuchukua fomu ya PF3 ya kwenda nayo hospitali, mimba ina wiki 18. Kutoka hapo ni basi hadi Stendi Kuu ya Nzuguni, mashariki mwa Jiji la Dodoma, kisha bajaji hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile wakazi wanayoiita General, au hadi Benjamin Mkapa wakiandikiwa rufaa ya juu zaidi.

Binti huyohuyo angekuwa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, sheria ya 2014 ingemruhusu ndani ya wiki 12 kwa ombi lake, na ndani ya wiki 16 kwa sababu ya kubakwa. Wiki 16 zake ziliisha tarehe 21 Juni, siku 14 kabla ya mama yake kumfikisha polisi. Angekuwa Rwanda, amri ya Waziri wa Afya ya Aprili 2019 iliweka wiki 22 kwa aliyebakwa, aliyeolewa kwa nguvu, aliyepewa mimba na ndugu wa damu, na kwa mtoto. Angekuwa na nafasi hadi tarehe 2 Agosti. Umbali wa wiki sita kati ya sheria hizo mbili ndio umbali kati ya binti anayesikilizwa na binti anayeambiwa amechelewa. Wanaobishana kuhusu wiki wakiwa mbali na vijiji wajue kwamba wanaochelewa zaidi ni watoto, waliobakwa na wanaoishi mbali na hospitali.

Dodoma kalenda hiyo haina tarehe yoyote. Sheria yetu inajua binti huyu amekosewa: kwa umri wake hata kuridhia kwake hakungekuwa na maana, na aliyembaka anastahili kifungo kisichopungua miaka 30. Kuhusu mimba yenyewe Sura ya 16 iko kimya, isipokuwa uhai wake ukiwa hatarini. Na wenye uwezo wa kuibadili hawako mbali: Jumba la Bunge lipo kwenye barabara hiyohiyo ya Dar es Salaam inayopita Nzuguni.

Na je, uhai ukiwa hatarini? Kifungu cha 230 kinamkinga anayefanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ujuzi wa kutosha, ili kuhifadhi uhai wa mama, mradi hali ya mgonjwa ilistahili. Kifungu kinataja upasuaji. Kilipoandikwa, vidonge vinavyotumika leo kusafisha mfuko wa uzazi vilikuwa havijagunduliwa. Hakisemi nani aamue, madaktari wangapi, katika hospitali ya ngazi gani, ndani ya saa ngapi. Wala hakisemi uhai ni nini. Mwaka 1938 huko London daktari Aleck Bourne alimfanyia upasuaji binti wa miaka 14 aliyebakwa na askari, akajisalimisha ashitakiwe. Jaji Macnaghten alieleza wazee wa baraza kwamba kumwokoa mama na madhara makubwa ya mwili na akili kunaweza kuwa sehemu ya kuhifadhi uhai wake, na Bourne akaachiwa. Kesi ya Bansel ya 1959, iliyotoka Kenya, ikaleta fikra hiyo katika sheria ya Afrika Mashariki. Daktari wa zamu usiku wa manane hawezi kujikinga kwa kumbukumbu za kesi hizo. Anachokiona mbele yake ni miaka 14, na anayeogopa hungoja. Hungoja damu izidi kutoka au homa ipande, mpaka hatari iwe wazi kiasi kwamba hakuna atakayemuuliza kitu. Huo ndio ukomo wa muda unaotumika kwetu kwa vitendo: mgonjwa aumwe kwanza vya kutosha.

Makatazo hayajazuia kitendo. Utafiti uliofanywa na wataalamu wa hapa nchini pamoja na Taasisi ya Guttmacher ulikadiria kwamba mwaka 2013 mimba zipatazo 405,000 zilitolewa Tanzania, sawa na 36 kwa kila wanawake 1,000 wa umri wa kuzaa, na wanawake wapatao 66,600 walitibiwa hospitalini kwa madhara yake. Serikali inaruhusu huduma baada ya mimba kuharibika, na inafanya vema. Lakini maana yake ni kwamba mfumo wetu una uwezo wa kumhudumia mwanamke yuleyule, kwa mikono na vifaa vilevile, ila baada tu ya mtu mwingine kumjeruhi.

Wapo Watanzania wengi, Wakristo na Waislamu, wanaoamini uhai wa mtu una heshima yake tangu mwanzo wa mimba. Kwao kubishana kati ya wiki 12 na 22 hakuna maana, na hoja yao ina mantiki: kama jambo ni baya, tarehe haiwezi kulifanya jema. Sheria haiwezi kuwadharau. Hata hivyo, sheria ya jinai haiandiki yote yaliyo mema. Inachagua nani apelekwe gerezani, na mtu anaweza kuchukia utoaji mimba kwa dhati huku akikataa kumfunga miaka saba mtoto aliyebakwa. Pia wapo wanaohofu uongo, kwamba kila mmoja atadai kubakwa. Rwanda iliwahi kujikinga na hofu hiyo mwaka 2012 kwa kudai kibali cha mahakama. Wachache mno walikipata, kwa kuwa mahakama hutembea polepole kuliko mimba, na mwaka 2018 sharti hilo likaondolewa.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Maputo, ule wa Afrika kuhusu haki za wanawake, mwaka 2007. Ibara yake ya 14 inataka nchi ziruhusu utoaji mimba wa kitabibu kwa aliyebakwa, aliyepewa mimba na ndugu wa damu, na pale uhai au afya ya mama, ya mwili na ya akili, inapokuwa hatarini. Kenya na Uganda ziliridhia mwaka 2010 zikiiwekea ibara hiyo pingamizi. Sisi hatukuweka pingamizi lolote, na hatukutunga sheria. Mkataba usiotungiwa sheria hautumiki mahakamani kwetu kama sheria ya nchi, kwa hiyo kwa daktari wa zamu hali ni ileile.

Wabunge wanaoketi Dodoma wanaweza kuanza na yaliyokwisha kukubaliwa. Kifungu cha 230 kiandikwe upya kitaje tiba yote badala ya upasuaji peke yake, kitaje afya pamoja na uhai, na kimtaje mtaalamu anayeamua. Aliyebakwa na mtoto watajwe waziwazi. Wakitaka kuweka ukomo wa wiki, waupime kwa binti anayeripoti akiwa na wiki 18, na wauandikie wajibu wa upande wa pili: hospitali ijibu ndani ya siku ngapi tangu alipofika, na nani awajibike isipojibu. Ukomo unaombana mgonjwa peke yake haufai kupitishwa.