Utambuzi wa homa ya mgunda

Homa ya mgunda (pia: leptospirosisi) ni ugonjwa wa kuambukiza unaosababishwa na bakteria wa jenasi Leptospira. Bakteria hao hukaa katika figo za panya, ng'ombe, nguruwe, mbwa na wanyama wengine, wakatoka pamoja na mkojo. Binadamu huambukizwa maji au tope lenye mkojo huo linapogusa mchubuko, macho au kinywa.

Mkoani Morogoro hatari hiyo iko karibu: majaruba ya mpunga, mashamba ya miwa, mito inayoshuka kutoka milima ya Uluguru. Aina mojawapo ya bakteria hao, iliyopatikana kwa ng'ombe wa Morogoro, inaitwa Sokoine, sawa na chuo kikuu cha kilimo cha mjini humo.

Ugumu uko katika kuutambua. Wagonjwa wengi huwa na homa na maumivu ya kichwa na mwili tu, kama wenye malaria au taifodi. Wachache huzidiwa: macho huwa ya njano, figo hushindwa kazi, damu hutoka, hapo hudhaniwa kuwa homa ya ini au homa ya manjano. Huko Ruangwa, mkoani Lindi, mwaka 2022, wagonjwa waliotokwa damu puani walipimwa Ebola na Marburg kabla ya jibu kupatikana. Dhana ya malaria ndiyo hupotosha zaidi. Kati ya wagonjwa 870 wa homa waliolazwa Moshi miaka 2007-2008, asilimia 60.7 walidhaniwa kuwa na malaria. Waliokuwa nayo kweli ni asilimia 1.6.

Vipimo vya ini husaidia, vikisomwa vizuri. Homa kali ya ini inayoletwa na virusi huua seli nyingi, hivyo vimeng'enya vya ini katika damu hupanda mpaka maelfu. Katika homa ya mgunda bilirubini hupanda sana, lakini vimeng'enya kwa kawaida hupanda kidogo tu. Kreatinini ikiwa juu, macho yakiwa mekundu bila usaha na mashavu ya miguu yakiuma, shaka huongezeka. Kumuuliza mgonjwa anafanya kazi gani hakugharimu kitu.

Wiki ya kwanza bakteria hutafutwa katika damu kwa kipimo cha PCR. Kingamwili huonekana baadaye. Kipimo cha rejea hulinganisha damu iliyochukuliwa mara mbili, siku kadhaa zikipita katikati, kwa hiyo matibabu hayasubiri majibu: doksisaiklini kwa hali nyepesi, penisilini au seftriaksoni kwa hali kali.