Kabla ya Kuchagua Kichomeo cha DVD, Itazame Deki ya Mteja

Kwaya imemaliza kurekodi, mpiga video amekesha akihariri, na diski imecheza kwenye kompyuta yake bila tatizo. Ikifika sebuleni kwa mteja, deki inaizungusha, inakoroma, kisha inaandika kwamba haiitambui. Mteja anamlaumu mpiga video, naye mpiga video anailaumu deki. Mara nyingi kosa lilifanyika dukani, siku pakiti ya diski tupu iliponunuliwa kwa kutazama bei tu.

Anayetaka kununua kichomeo cha DVD ajiulize kwanza maswali mawili: diski itasomwa na mashine gani, na inatakiwa idumu muda gani? Majibu yake ndiyo yanayoamua aina ya diski, na aina ya diski ndiyo inayoamua kichomeo. Wengi huanzia mwisho.

DVD-R ilitolewa na kampuni ya Pioneer ya Japani mwaka 1997. Baadaye Philips, Sony, Hewlett-Packard na wenzao waliunda mfumo wao, na DVD+RW ikaingia sokoni mwaka 2001, ikifuatwa na DVD+R mwaka 2002. Kwa macho, diski za mifumo hiyo miwili hazina tofauti. Tofauti imo ndani ya mfereji mwembamba unaoongoza mwanga wa leza: DVD-R ina vishimo vidogo kando ya mfereji vinavyokiarifu kichomeo kimefika wapi, ilhali DVD+R hutegemea mawimbi ya mfereji wenyewe. Kichomeo kilichotengenezwa kwa mfumo mmoja hakikuweza kuandika kwenye diski ya mfumo wa pili. Mwaka 2002 Sony ilileta DRU-500A, kichomeo cha kwanza kilichoandika diski za mifumo yote miwili, na vinavyouzwa sasa karibu vyote hufanya hivyo. Kwa mchomaji, basi, ule ugomvi wa kistari na alama ya kujumlisha umekwisha. Kwenye deki ya mteja, hasa iliyozeeka, bado upo.

Deki za zamani kwa kawaida huipokea DVD-R kwa urahisi zaidi. Kwa mpiga video wa harusi au kwaya, ambaye hajui kazi yake itachezwa kwenye deki ya mwaka gani, hiyo ndiyo diski ya kununua. DVD+R nayo ina faida yake: baadhi ya vichomeo vinaweza kuiandikia alama inayoitambulisha kwa deki kama DVD ya kiwandani, na deki nyingi zilizokuwa zikiikataa huikubali. Kabla ya kununua kichomeo kwa kazi za wateja, inafaa kuuliza kama kina uwezo huo.

Diski za RW zimejengwa kwa namna nyingine. DVD-R na DVD+R zina rangi ambayo leza huibadilisha mara moja tu, isirudi tena kama ilivyokuwa. RW ina tabaka la madini ambalo leza hulibadilisha hali na kulirudisha, kiasi cha mara 1,000. Tabaka hilo hurudisha mwanga kidogo kuliko rangi, na baadhi ya deki huuona mwanga huo hafifu zikadhani zimewekewa diski ya safu mbili, zikashindwa kusoma. RW ni nzuri kwa majaribio: mpiga video anachoma rasimu, anaitazama, anaifuta, anachoma tena. Kazi iliyokamilika isikabidhiwe kwenye RW.

Ujazo nao huwachanganya wanunuzi. Pakiti inasema gigabaiti 4.7, lakini kompyuta ya Windows inaonyesha 4.37. Hakuna aliyeibiwa. Mtengenezaji anahesabu gigabaiti kuwa baiti bilioni moja, na Windows inahesabu kwa kuzidisha 1,024 mara tatu. Diski ya safu mbili, yenye alama ya DL, ina gigabaiti 8.5 kwa hesabu ya pakiti. Ni ghali zaidi, na deki nyingine husita pale leza inapohama safu. Kwa sherehe ya saa nne, diski mbili za kawaida ni salama kuliko DL moja.

Kwenye kichomeo chenyewe, jambo la kwanza ni namna kinavyounganishwa. Kompyuta ya mezani hutumia kichomeo cha ndani chenye waya wa SATA. Kwa laptopu, ambazo nyingi haziji tena na sehemu ya diski, kipo kichomeo chembamba cha nje kinachotumia USB. Cha ndani huandika DVD-R kwa kasi ya 16x au zaidi, chembamba cha nje kwa kawaida huishia 8x. Upungufu huo usimtishe mtu. Kasi ya 1x ni takriban megabaiti 1.4 kwa sekunde, hivyo diski nzima huchukua kama saa moja. Kwa 8x ni dakika nane hadi kumi. Kichomeo cha 16x hakipunguzi muda huo kwa nusu, kwa sababu huifikia kasi yake ya juu karibu na ukingo wa nje tu. Jambo la kuangalia zaidi ni umeme: kichomeo cha nje kikichomekwa kwenye kigawanyio cha USB pamoja na flashi na kipanya, kinaweza kukosa nguvu katikati ya kazi. Kichomekwe moja kwa moja kwenye kompyuta.

Diski huandikwa kuanzia katikati kwenda nje, na makosa ya kasi kubwa hupenda kujikusanya kwenye ukingo. Ndiyo maana video ya harusi inaweza kucheza vizuri kanisani na kwenye msafara, halafu ikaganda wakati wa kukata keki. Diski ya 16x ichomwe kwa 8x, kisha programu iamriwe kuihakiki, yaani kuisoma yote na kuilinganisha na faili za awali.

Sasa iko siri ambayo pakiti haiisemi. Kila diski tupu ina msimbo wa mtengenezaji karibu na tundu la katikati. Kichomeo huusoma kwanza, kisha hutafuta kwenye orodha yake ni nguvu gani ya leza inayoifaa rangi ya diski hiyo. Kikiufahamu msimbo, huandika kwa ustadi. Kisipoufahamu, hutumia kipimo cha jumla. Programu ya bure ya ImgBurn huuonyesha msimbo huo mara diski inapowekwa: DVD-R ya Verbatim ya 16x, kwa mfano, inaweza kuonekana kama MCC 03RG20. Jina kubwa lililochapwa kwenye pakiti si ushahidi tosha, kwa kuwa kampuni nyingi hununua diski kutoka viwanda vya wengine na kuzibandika nembo yao. Walaghai nao hunakili misimbo ya viwanda vyenye sifa. Kwa hiyo msimbo usomwe, na bado diski mbili tatu zijaribiwe kabla ya kununua pakiti ya 50.

Mambo mawili ya mwisho kwenye uchomaji huwaponza hata wazoefu. Deki ya zamani haitaki faili ya MP4 iliyonakiliwa tu. Inataka diski iliyopangwa kama DVD ya video, yenye folda ya VIDEO_TS, na kazi hiyo hufanywa na programu ya kutengeneza DVD. Tena, diski ifungwe baada ya kuandikwa. Ikiachwa wazi ili iongezewe kitu baadaye, kompyuta iliyoichoma itaisoma, lakini deki nyingi zitaikataa.

Kwa kumbukumbu za muda mrefu, kama vile picha za familia au nyaraka za ofisi, zipo diski za M-DISC, ambazo badala ya rangi hutumia tabaka gumu linalofanana na jiwe. Kampuni iliyozibuni, Millenniata ya Marekani, ilidai zingedumu miaka 1,000. Hilo ni dai la mtengenezaji, lakini ni kweli kwamba tabaka hilo halichakai kwa mwanga kama rangi. Kuziandika kunahitaji kichomeo chenye nembo ya M-DISC, kuzisoma hakuhitaji. Diski ya aina yoyote iwekwe gizani, mbali na joto na unyevu, isibandikwe karatasi inayoiyumbisha ikizunguka, na nakala ya pili iwe mahali pengine.

Taiyo Yuden ya Japani, iliyosifika kwa ubora wa diski zake, iliacha kuzitengeneza mwishoni mwa 2015, na Sony ilisimamisha utengenezaji wa diski tupu za Blu-ray mwaka 2025. Chaguo la diski nzuri linazidi kupungua. Anayehitaji kuchoma leo achukue kichomeo cha kawaida cha DVD±RW, DVD-R za mtengenezaji anayefahamika kwa ajili ya wateja, RW chache za majaribio, na asikabidhi diski kabla ya kuijaribu kwenye deki iliyozeeka kuliko zote anazoweza kuzipata.